Kuchimba kabla ya mpira: mwongozo kamili wa kurekebisha mkwaju wa aioni

Katika gofu, ukigonga ardhi sentimita 5 kabla ya mpira kwa aioni namba 7 (fimbo ya chuma ya masafa ya kati), mambo mawili hutokea kwa mpigo: udongo unakula kasi ya fimbo, na nyasi zinaingia kati ya uso wa fimbo na mpira. Mkwaju uliotakiwa kwenda mita 130 unaishia 70 au 80. Mchezaji akichimba hivyo mara mbili, ya tatu anajivuta juu na kuupiga mpira kichwani, yaani nusu yake ya juu, nao unatambaa kwa kasi hadi nyuma ya grini, eneo la nyasi fupi lenye shimo. Jioni anasema siku hiyo alikuwa na matatizo mawili. Alikuwa na moja.

Kichwa cha fimbo husafiri kwa duara, kama bembea, na duara hilo lina sehemu moja iliyo chini kuliko zote. Kwa mpigaji mzuri wa aioni za kati, sehemu hiyo iko kama sentimita 7 hadi 10 mbele ya mpira, upande wa shabaha. Fimbo inaugusa mpira ikiwa bado inashuka, ndipo inakata nyasi. Kwa anayechimba, sehemu ya chini iko nyuma ya mpira. Duara likiwa chini, anagonga udongo. Likiwa juu kidogo, fimbo inaupita udongo salama lakini inaufikia mpira ikiwa imeshaanza kupanda. Mpira wa gofu una kipenyo kisichopungua milimita 42.67, kwa hiyo kiuno chake kiko milimita 21 hivi juu ya ardhi. Ukingo wa chini wa fimbo ukifika usawa huo, mpira hauinuki.

Kazi yote ya mwongozo huu, basi, ni kuisogeza sehemu ya chini ya duara ije mbele. Na hapo ni lazima tuuseme vibaya ushauri unaotolewa kuliko wote uwanjani: "Umeinua kichwa." Mara nyingi kichwa huinuka kwa sababu mwili ulishakosa nafasi, wala si chanzo cha kosa. Anayekilazimisha kichwa kibaki chini hukifunga kifua kisizunguke, uzito unabaki mguu wa kulia, na anachimba zaidi kuliko mwanzo.

Maelezo haya ni ya anayepiga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande.

Pima kabla ya kutibu

Usianze kubadilisha chochote kabla ya kujua fimbo yako inagusa ardhi wapi. Nenda kwenye uwanja wa mazoezi wenye nyasi halisi. Ukiwa na mkeka wa plastiki tu, kipimo hiki kitakudanganya: fimbo ikigonga mkeka kabla ya mpira huteleza mbele na kuupiga hata hivyo, sauti inakuwa nzuri, na mpira unaenda. Wapo watu wanaopiga vizuri renji, yaani uwanja wa mazoezi, mwaka mzima na kuchimba kila wakitoka kucheza, na mkeka ndio unaowaficha.

Chora mstari wa mita moja na nusu unaokatisha njia ya mpira, yaani unaotoka kwako kwenda mbele yako, si kuelekea shabaha. Poda ya watoto inatosha. Chokaa iache, kwa sababu inaunguza nyasi na macho. Ukikosa poda, chomeka tii mbili (vijiti vya kuinulia mpira) na ufunge uzi kati yake, kisha uukanyage ulale chini kabisa.

Simama mstari ukiwa pale ambapo mpira ungekaa. Piga swingi ya kawaida (kurudisha fimbo na kuishusha) bila mpira, halafu sogea kidogo ukiufuata mstari, upige tena, mpaka zifike kumi. Sasa angalia divoti zako, yaani alama ambazo fimbo imekata kwenye nyasi.

Zikianzia juu ya mstari au mbele yake kidogo, swingi yako haina shida kubwa, na pengine unachimba kwa hofu ya mpira wenyewe au kwa sababu ya mahali unapouweka. Zikianzia nyuma kwa umbali uleule kila mara, tuseme sentimita 6 au 8, tazama uzito na viwiko vya mikono, yaani viungo kati ya kiganja na mkono. Zikitawanyika, moja nyuma sana na nyingine mbele, mwili wako unayumba kulia na kushoto. Kama nyasi hazijaguswa kabisa, unajivuta juu unaposhuka, na ugonjwa wako ni ule wa kupiga kichwani.

Ukimaliza, rudisha vipande vya nyasi au ujaze mchanga. Mtunza uwanja akikuta divoti kumi mfululizo zimeachwa wazi, mara nyingine hutaruhusiwa.

Msimamo, kwa sababu haugharimu kitu

Wengi wanaochimba wangepona hapa, lakini ni sehemu inayochosha, kwa hiyo inarukwa.

Mahali pa mpira: kwa wedji (fimbo ya mikwaju mifupi inayopanda juu) na aioni 9, katikati ya nyayo. Kwa aioni 7, upana wa mpira mmoja mbele ya katikati. Kwa aioni 5, mipira miwili. Usipime kwa vidole vya miguu. Wengi hufungua mguu wa kushoto kwa nje na kuuacha wa kulia umenyooka, kisha wakitazama vidole wanaona mpira uko katikati kumbe umeenda mbele. Pima kwa visigino. Laza fimbo moja chini ikitoka kwenye mpira hadi kati ya miguu yako, usimame visigino vikiwa sawa pande zote, ndipo ufungue vidole.

Uzito ugawanyike nusu kwa nusu, au uegemee kushoto kidogo tu. Mikono iwe mbele ya mpira kwa sentimita 3 au 4, ncha ya kishikio ielekee kwenye paja la kushoto upande wa ndani. Isizidi hapo. Anayeisukuma mikono mbele sana akidhani ndiyo dawa hupunguza lofti (mlalo wa uso wa fimbo) na kuutanguliza ukingo wa chini wa fimbo, nao ukigusa udongo unazama kama jembe.

Magoti yalegee bila kukaa. Ukikunja sana mwanzoni, mwili utatafuta njia ya kunyooka katikati ya swingi, na hutajua utanyooka kiasi gani. Kishikio kibane kwa nguvu ambayo mtu mwingine angeweza kuizungusha fimbo mkononi mwako kwa shida kidogo.

Uzito uliobaki kulia

Hiki ndicho chanzo kikuu, na tukiruhusiwa kurekebisha kitu kimoja tu kwa mchezaji mpya, tunachagua hiki.

Wakati wa kurudi nyuma, nyonga ya kulia inatakiwa izunguke. Kwa wengi inateleza kando, pengine sentimita 8 nje ya kisigino. Kifua kinaifuata, na sasa katikati ya duara pamehamia kulia. Ili upige mpira kabla ya ardhi, mwili wote urudi umbali huo ndani ya muda usiofika nusu sekunde. Siku nzuri unarudi. Siku nyingine unashindwa.

Zoezi la kwanza ni la fimbo ya pembeni. Chomeka kijiti au fimbo kuukuu ardhini upande wa kulia, kiasi cha vidole viwili kutoka kwenye nyonga. Rudisha fimbo polepole bila kukigusa. Utahisi paja la kulia likikaza upande wa ndani na mfuko wa nyuma wa suruali ukirudi nyuma. Ukikigusa, umeteleza. Rudia mara 15 bila mpira.

Zoezi la pili ndilo lenye nguvu. Simama na aioni 8, mpira katikati, kisha uvute mguu wa kulia nyuma hadi vidole vyake viwe usawa wa kisigino cha kushoto, ukiinua kisigino cha kulia. Uzito karibu wote sasa uko kushoto. Piga swingi ya nusu, mikono isipite kiuno ikirudi wala ikimalizia. Mpira utaenda mita 50 hadi 70. Mikwaju mitatu ya kwanza itakuwa ya ajabu, kisha utasikia sauti tofauti: kwanza mpira, halafu nyasi. Hiyo sauti ndiyo unayoitafuta katika kila kitu kinachofuata.

Ukishazoea, rudisha mguu mahali pake na ujifunze muda. Uzito hauhami pamoja na mikono, hutangulia. Fimbo ikiwa inamalizia kupanda, goti la kushoto na nyonga ya kushoto viwe vimeanza kurudi upande wa shabaha. Namna rahisi ya kulihisi: simama miguu ikiwa pamoja, rudisha fimbo, na kabla haijafika juu piga hatua fupi ya mguu wa kushoto kuelekea shabaha, halafu ushuke. Anayesubiri fimbo ifike juu kwanza ndipo apige hatua amechelewa.

Kuna kosa linalozaliwa na dawa yenyewe. Mtu akiambiwa "nenda kushoto" huwa anaenda na kichwa na kifua pia, akijirusha juu ya mpira. Fimbo inashuka wima mno, na divoti inakuwa shimo refu linaloelekea kushoto, au mpira unagonga shingo ya fimbo na kuruka kulia. Kinachokwenda kushoto ni nyonga. Kifua kinabaki karibu juu ya mpira.

Viwiko vya mikono vinavyochota

Anayechota anajaribu kuuinua mpira. Lofti ya aioni 7 ni kama digrii 28 hadi 34 kutegemea muundo wake, na hiyo inatosha kuurusha juu hata fimbo ikiwa inashuka. Mchezaji anajua hivyo kwa maneno, lakini mikono yake haiamini: kabla tu ya kugonga, kiwiko cha kushoto kinakunjika kwa ndani, kichwa cha fimbo kinaipita mikono, na duara linafika chini mapema.

Jipige video kwa simu ukiwa unatazamana nayo, kamera usawa wa mikono, kwa mwendo wa polepole kama simu inaweza. Simamisha picha pale fimbo inapogusa mpira. Mpini, yaani sehemu ndefu kati ya kishikio na kichwa cha fimbo, ukiegemea nyuma, mbali na shabaha, unachota. Ukiwa wima au ukiegemea mbele kidogo, tatizo lako liko kwingine.

Dawa ni gunia. Jaza gunia la katani au mfuko wa salfeti nguo kuukuu mpaka liwe gumu kiasi, uliweke mahali pa mpira, na uligonge kwa swingi ya nusu, kisha ubaki hapohapo. Kagua: nyuma ya kiganja cha kushoto imenyooka na mkono wa mbele, mikono imetangulia kichwa cha fimbo, kisigino cha kulia kimeanza kuinuka. Mara 20 kwa siku nyumbani zinasaidia kuliko ndoo ya mipira. Usitumie tairi la gari kwa nguvu. Linarudisha pigo, na kinachoumia ni kiwiko cha mkono na mpini.

Kisha piga mipira kwa kumalizia kufupi: baada ya kugonga, simamisha fimbo mikono ikiwa usawa wa kiuno. Mikono yote miwili iwe imenyooka na kichwa cha fimbo kiwe chini ya vidole vyako. Kikiwa juu, kimekupita.

Kuzama na kunyanyuka

Wapo ambao nyonga ziko sawa na viwiko viko sawa, lakini kimo cha mwili kinabadilika. Anayezama, bega la kulia linadondoka anaposhuka na kichwa kinashuka nalo, mara nyingi kwa sababu anataka kupiga kwa nguvu zote. Anayenyanyuka husukuma nyonga kuelekea mpira, mgongo unanyooka, mikono inakosa nafasi.

Weka mfuko wako wa gofu nyuma yako uguse makalio ukiwa umesimama tayari. Ukirudi nyuma, kalio la kulia libaki likigusa. Ukishuka, la kushoto lichukue nafasi. Makalio yakiachana na mfuko kabla ya mpira, umenyanyuka. Kwa anayezama, mazoezi ni kupunguza nguvu hadi kimo kitulie. Hakuna njia ya mkato hapo.

Taulo, na jinsi ya kupanda ngazi

Sasa unganisha. Kunja taulo ndogo iwe bapa, uilaze sentimita 15 nyuma ya mpira. Kazi ni moja: piga mpira bila kugusa taulo.

Anza na wedji, swingi ya nusu, mipira 10. Ukiikwepa taulo mara 7, nenda aioni 8, swingi ya robo tatu. Ukipata 7 tena, sogeza taulo iwe sentimita 10, kisha swingi kamili. Ukianguka chini ya 7, rudi ngazi moja. Mipira 50 kwa siku moja, siku tatu kwa wiki, inatosha. Zaidi ya hapo mwili unachoka, uzito unabaki kulia, na unaanza kufanya mazoezi ya kosa lilelile. Viwiko vikianza kuuma, acha, hasa kwenye mkeka au ardhi kavu.

Usifanye mazoezi haya yote siku moja. Chagua lile linalolingana na divoti zako, ukae nalo wiki mbili, kisha uchore mstari tena.

Ardhi unayochezea

Nyasi za kikuyu, zilizoenea kwenye viwanja vya nyanda za juu za Kenya, ni nene na huushikilia mpira juu kama umewekwa kwenye tii. Anayechimba kidogo husamehewa pale, fimbo inapita kati ya majani na mpira unaenda. Mtu huyohuyo akishuka Pwani kwenye ardhi ya kichanga iliyofunikwa nyasi fupi, hasamehewi hata sentimita mbili. Kama umezoea kikuyu, zoezi la mstari lifanye mahali palipokatwa sana. Na ukiwa karibu na grini, nyasi hizo hizo nene hugeuka adui: zinaushika ukingo wa wedji na kuusimamisha.

Msimu wa mvua udongo mweusi wa mfinyanzi unanata, na fimbo ikizama haitoki. Chukua fimbo moja ndefu zaidi, shika sentimita 2 chini ya ncha ya kishikio, piga robo tatu. Wedji yenye baunsi (pembe ya tumbo la fimbo) ya digrii 10 au zaidi huteleza juu ya udongo laini, ile ya digrii 4 hadi 6 inachimba. Kwenye ardhi ngumu ya kiangazi ni kinyume: baunsi kubwa inadunda na kuupiga mpira kichwani.

Kwenye mteremko unaoshuka kuelekea shabaha, ardhi iliyo nyuma ya mpira iko juu zaidi, kwa hiyo hata swingi nzuri inaweza kuigonga. Sogeza mpira nyuma kwa upana wa mpira mmoja, linganisha mabega na mteremko, na uache fimbo iufuate mlima chini. Usijaribu kuuinua mpira. Ndani ya banka (shimo la mchanga) ya feawei, ile njia ya nyasi fupi kuelekea grini, kanuni ni ileile, mpira nyuma kidogo na mshiko mfupi, ila kumbuka kwamba Kanuni ya 12 inakataza kugusa mchanga kwa swingi ya majaribio. Adhabu ni mikwaju miwili katika mchezo wa kuhesabu mikwaju.

Taulo na vijiti vya kuelekezea navyo vibaki renji. Ukivitumia katikati ya raundi unaadhibiwa. Kinachoruhusiwa ni macho: chagua jani au alama iliyopo tayari kama sentimita 8 mbele ya mpira, na wakati wa kupiga nia yako iwe kukata nyasi pale. Piga swingi moja ya majaribio kando ya mpira, uone ilipokata, usipige ya pili.

Kama bado unachimba

Umepita ngazi zote na divoti bado ziko nyuma? Angalia vifaa. Wengi wetu tunaanza na seti za mtumba zilizotengenezwa kwa mtu wa kimo kingine. Aioni 7 ya kawaida ya wanaume ina urefu wa karibu sentimita 94, na mchezaji mfupi akiitumia atakuwa anapigana na ardhi kila siku. Tazama umbo la divoti: ikiwa na kina zaidi upande wa ncha ya fimbo, fimbo imelala mno kwako, na ikiwa na kina upande wa kisigino cha fimbo, imesimama mno. Fundi wa fimbo anaweza kupinda shingo ya fimbo digrii moja au mbili, au kukata mpini upande wa kishikio. Jaribu kwanza kwa kushika chini sentimita 2 kwa wiki nzima. Uchimbaji ukipungua, ndipo ulipe fundi, na akate kwa vipande vya sentimita moja moja, kwa sababu mpini uliokatwa haurudishwi.